Risasi ya Uzi Mwekundu

Hapo zamani, na si zamani sana, maana mama yangu aliyaona haya kwa macho yake, kijiji cha Ikonde kule kwenye misitu ya miombo kilikuwa na bunduki moja tu. Bunduki hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Bibi.

Bibi alikuwa wa vita vya Wajerumani. Askari mmoja alimtupa porini akikimbia, babake Msabila, mwindaji wa kijiji, akamwokota. Kitako kilikuwa kimevunjika, akakifunga kwa ngozi mbichi ya mbogo, ikakauka juu yake ikawa ngumu kama mfupa. Tangu siku hiyo Bibi akawa wa nyumba ile. Akipigwa, moshi mweupe ulitanda hata usione ulichopiga, ukawa unasubiri upepo. Na sauti yake! Haikuwa kali kama ya bunduki za leo. Ilikuwa nzito, kama mtu mzima anayekohoa asubuhi. Wanawake walioko mashambani waliinua vichwa, wakaangaliana, wakacheka. Mmoja alisema, "Bibi amekohoa." Basi, kazi iliachwa palepale, kila mtu akakimbilia kuni, maana siku hiyo kuna nyama. Mama alikuwa akiniambia kwamba harufu ile, nyama ikibanikwa kijiji kizima na watoto wakilamba mafuta mpaka viwikoni, hajaipata tena popote. Hata mjini alikohamia, ambako nyama iko kila kona, aliinusa nyama yao na kutikisa kichwa.

Risasi za kiwandani za Bibi zilikwisha kabla mama hajazaliwa. Maganda matupu yaliokotwa, yakajazwa upya, na kazi hiyo ilikuwa ya fundi Lusambi, mhunzi. Nyuma aliweka fataki ya kuwashia, katikati baruti nyeusi, mbele kichwa cha risasi alichokiyeyusha mwenyewe. Baruti aliipima kwa ncha ya pembe ya digidigi, wala haikuzidi. Msabila alimwambia kila mara, "Fundi, Bibi hali sana, ni mtu mzima." Lusambi alicheka, akapima vilevile.

Mwaka mmoja akatokea mbogo dume mwenye waya wa mtego mguuni. Waya ulikuwa umemla nyama, na maumivu yalimtia ukichaa. Akakaa kwenye njia ya mtoni, hakuna anayepita. Msabila akamfuata na Bibi. Bibi akakohoa, moshi ukatanda. Moshi ulipoondoka, mbogo hayupo. Risasi ilikuwa imempata begani, haikuingia ndani. Jioni ileile mnyama huyo akamkuta Kapalata, mrina asali, kwenye mizinga yake ya nyuki, akamuua.

Msabila alisaidia kuubeba mwili, mgongo ukamteguka. Akiwa amelala nyumbani alimwomba bintiye, Wande, ampe Bibi amsafishe. Akapitisha kitambaa, akapitisha kidole, na pale kwenye chemba, risasi inapokaa, kucha yake ikakwama. Akatazama vizuri. Ulikuwa ufa, mwembamba kama unywele.  Mzee akachukua mafuta ya ng'ombe, akaupaka mpaka usionekane.

Ufa aliujua. Hakuusema.

Upande wa pili wa kijiji, Nyamizi, mjane wa Kapalata, alikuwa amefungua sanduku la marehemu. Kapalata aliwahi kumbebea mizigo mwindaji mmoja mgeni, akapewa risasi za bunduki mpya. Hazikuingia kwa Bibi, basi akazipasua, akahifadhi baruti yake kwenye kitambaa. Nyamizi akaichukua, akaenda kwa fundi.

"Kaka Lusambi," akasema, "risasi yako ilimkwaruza tu yule mnyama. Tumia hii."

Fundi akaifungua. Haikuwa nyeusi. Vilikuwa vipande vidogo vya kijivu, kama majani ya chai. Akamwaga kidogo juu ya jiwe, akakiwasha. Kikatoa mwali mmoja mkali, na moshi hakuna.

"Dada, kitu hiki sikijui," akasema.

"Mimi nakijua. Kinaua."

Fundi akajaza pembe, akasita, akapunguza. Hakuwa na namna ya kujua apunguze kiasi gani, alikisia tu. Nyamizi alikuwa anamtazama mikono.

"Mume wangu alikufa kwa sababu ya risasi hafifu," akasema kwa sauti ya chini, machozi yakimtoka. "Na wewe unapunguza tena?"

Lusambi akairudisha aliyoipunguza. Pembe ikajaa. Baruti ile ilitosha risasi moja tu, kwa hiyo hapakuwa na ya kujaribia. Risasi hiyo akaifunga uzi mwekundu asije akaichanganya na nyingine.

Baruti hakuijua, na alijua kwamba haijui. Hilo naye hakulisema.

Sasa nani aende? Msabila hawezi hata kuinama. Akamwita mkwewe, Katabi, mume wa Wande. Katabi alikuwa mdogo wa marehemu Kapalata, kijana mwenye mikono tulivu, mlimaji hodari. Mzee akamkabidhi Bibi.

"Mpe chakula chake cha kawaida tu," akamwambia. "Usimpe kingine."

"Kuna nini, baba?"

"Amezeeka."

Katabi akapita kwa fundi, akapewa risasi ya kawaida na ile ya uzi mwekundu.

"Hii ya uzi ni kali," fundi akasema. "Usiipige ila ukibanwa."

"Kali kiasi gani?"

"Kali."

Asubuhi watu waliambiwa wabaki ndani. Katabi akamtia Bibi risasi ya kawaida, akafuata nyayo. Akafika pale kakake alipouawa. Mzinga ulikuwa bado umelala pale, umepasuka, nyuki wanazungukazunguka wasijue pa kwenda. Katabi akasimama. Akatoa risasi ya kawaida, akatia ya uzi mwekundu.

Hakujua kwamba Nyamizi amemfuata nyuma. Nyamizi alitaka kumwona mnyama yule akianguka, alitaka hilo tu. Mbogo akatoka kwenye nyasi ubavuni, akampita Katabi kama hamwoni, akamwendea mwanamke.

"Shemeji, lala chini!" Katabi akapiga kelele, akafyatua.

Mama alikuwa amejificha nyumbani na nyanyake. Alisema siku ile Bibi hakukohoa. Alilia. Ulikuwa mlio mmoja, mkali, usio na mwangwi, na wanawake hawakucheka. Nyanya akasema, "Huyo si Bibi tunayemjua."

Mbogo alianguka karibu na miguu ya Nyamizi, hakupiga hata teke. Na Katabi alikuwa amekaa chini, Bibi amefunguka kama ganda la mbaazi mikononi mwake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. Mkono wa kulia ulikuwa umebaki vidole vya pembeni tu.

Akapona, lakini jembe hakuweza kulishika tena.

Mvua zilipokaribia, Wande akawaita wote uani kwa babake. Vipande vya Bibi viliwekwa juu ya mkeka, na wazee wa kijiji wakakaa. Fundi akainua kipande cha chemba, akakigeuza juani. Mvunjiko ulikuwa unang'aa kote isipokuwa mahali pamoja, na hapo palikuwa peusi, pana mafuta.

"Hapa palikuwa pamepasuka kabla," akasema. "Risasi yangu ilikuta chuma kilichokwisha kufa. Mzee, ulijua?"

Msabila akainamisha kichwa. "Nilijua. Nilimfichia Bibi ufa wake kwa sababu baba yangu alimbeba mgongoni, na mimi nimembeba, na ninyi nyote mmekula kwake. Sikuweza kuwa mimi wa kusema amekufa. Lakini nilimwambia mkwe wangu ampe chakula chake cha kawaida. Kwa chakula hicho angevumilia. Wewe fundi ulimlisha kitu usichokijua!"

"Nilikisia, ndiyo," Lusambi akasema, akakirudisha kile chuma mkekani. "Na nilikuwa nimepunguza. Machozi ndiyo yaliyonifanya niirudishe."

"Machozi yalikuwa yangu," Nyamizi akasema. "Baruti niliileta mimi, na njiani nilisimama mimi nilipokatazwa kutoka. Lakini mimi si fundi wala mwindaji. Nilikuwa na maiti ndani ya nyumba. Waliokuwa na akili timamu walipaswa kunikatalia."

Katabi akasema akiwa ameegemea ukuta, kitambaa usoni. "Baba mkwe alinionya. Fundi alinionya. Wote wawili walinionya nusu, ndiyo, lakini nilisikia. Risasi ya kawaida ilikuwa tayari ndani. Niliibadilisha kabla sijabanwa na chochote, kwa hasira ya kaka yangu. Ila na mimi nawauliza: ningeiacha ile ya kawaida, shemeji angekuwa hai leo?"

 Nyamizi alikuwa analia, Msabila anaokota vipande vya chuma kimoja kimoja na kuvipanga kama mtu anayetaka kuviunganisha.

Wande akasimama.

"Majuto yenu nimeyasikia," akasema. "Mume wangu ana shamba, na mvua haisubiri. Sitaki mje wote. Mkija wote mwaka huu, mwakani kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda, na sisi tutalala njaa. Nataka mmoja, atulimie maisha yake yote, nimjue na anijue. Na kama mnaona kosa ni la mume wangu mwenyewe, niambieni usoni, nikalime peke yangu."

Wazee wakabishana mpaka jua likaegemea. Mama alisema hakuwahi kusikia walikubaliana nini, maana watoto walifukuzwa.

Basi ninyi mlioketi hapa amueni. Yupo mzee aliyeuficha ufa kwa kumpenda Bibi, na fundi aliyejaza kwa huruma. Yupo mjane aliyeomba kwa uchungu, na yupo mwenyewe aliyefyatua, akaokoa mtu.

Je, jembe la Katabi alistahili kulishika nani?