Mficha Moshi Ajua Kiunguacho

Mficha moshi ajua kiunguacho. Mnaisema methali hii harusini, mnaichapisha kwenye khanga, mnaicheka. Ikifika siku ya kumtazama mficha moshi usoni, kila mmoja wenu anainama kufunga kamba za viatu. Hata wewe uliyeniuliza imetoka wapi. Basi sikiliza ilikotoka, na leo usigeuze shingo.

Ilitoka hapa hapa Bukwera, kisiwani, enzi zile kijiji kina boti moja tu na nahodha wake ni Tungaraza. Injini ya dizeli ya namna ile hunywa maji ya ziwa ili ipoe, kisha huyatema nyuma pamoja na moshi. Bomba la moshi ndilo lilikuwa mdomo wake, na kila mtu aliusoma. Moshi mweusi, mzigo umezidi. Wa buluu, inakula oili. Mweupe unaoyeyuka hewani huku maji yakidondoka kama machozi ya mnafiki, basi ina kiu: pengine gugu maji limeziba tundu la kunywea. Hata wauza dagaa walijua hayo. Hakuna aliyepanda kabla mmoja hajapaza sauti, "Imetema?" na walioko nyuma ya boti wakajibu, "Imetema!" Ilikuwa desturi, kama kupiga hodi.

Siku moja ikamtemea mgeni. Maji na masizi, shati jeupe lote. Lubigisa, mwenyekiti wa kamati ya boti, akaona kijiji kimeaibika. Akaagiza bomba livishwe mpira mnene, na ncha ya mpira izamishwe ziwani. Moshi ukapotea, kelele zikapungua, mkutano wa kijiji ukapiga makofi.

Tungaraza hakupiga. "Mwenyekiti, sasa nitajuaje kama inatema? Kipimo cha joto kilishakufa zamani."

"Kwani nahodha ni wewe au ni bomba?" Lubigisa alijibu, na watu wakaangua kicheko. "Wapo wengi wanaoutaka huo usukani, bwana."

Tungaraza akakaa. Usukani ule ndio uliomfanya mtu mbele za watu, akaogopa kuupoteza.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Kila Lubigisa alipovuka na wanawe, alimsogelea na kumnong'oneza, "Ukunje ule mpira juu kidogo." Tungaraza aliukunja. Watoto wa mwenyekiti walivuka huku maji yakitemwa mbele ya macho yao. Wakishashuka, mpira ulirudi majini, wakapanda watoto wa wengine. Naye hakumwambia mtu.

Kisha Nyamambara akaugua. Huyu ni dada yake Tungaraza, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliamka tumbo limekaza kama ngozi ya ngoma. Tabibu wa zahanati akasema, "Huyu apasuliwe leo, na hapa hatupasui. Mvusheni."

Asubuhi hiyo gatini palikuwa na wageni wa kutoka wilayani, wamekuja kuiona boti ya mfano isiyotoa moshi. Tungaraza alimlaza dada yake juu ya godoro, akawasha injini, akaenda kuukunja mpira. Lubigisa akamdaka mkono.

"Unafanya nini?"

"Leo nina mgonjwa, mwenyekiti. Niache niukunje."

"Mbele ya wageni? Uwatemee masizi tena?"

"Ni dada yangu."

"Basi muwahishe! Mgonjwa yuko hapa, wewe unashughulika na mpira!"

Bibi mmoja muuza dagaa akauliza kwa mazoea, "Jamani, imetema?" Hakuna aliyejibu. Wageni walikuwa wanapiga picha.

"Mdogo wangu," Nyamambara aliita, "twende. Naumia."

Wakaenda. Katikati ya mlango wa ziwa wakapita kwenye gugu maji. Tungaraza alitazama nyuma, akaona maji matupu, kama kawaida. Alipokuja kusikia harufu ya mpira unaoungua, injini ilikuwa imeshaanza kukohoa. Akaizima. Akatia mkono chini, akang'oa fundo la magugu kwenye tundu la kunywea. Ingekuwa zamani, mvuke ungemwambia mapema.

Akaisubiri ipoe, kisha akabonyeza stata. Ko! Kimya. Akabonyeza tena. Ko! Akachomoa kijiti cha oili: oili imekuwa kama chai ya maziwa. Hapo akaelewa. Injini ikiunguruma, moshi huyasukuma maji nje. Ikizimwa huku mdomo wake uko chini, ziwa hupanda kwenye mpira na kuingia tumboni mwa injini. Pistoni haiwezi kuyakandamiza maji.

Wakachukuliwa na mkondo. Paa la hospitali lilionekana ng'ambo, linang'aa kwa jua. Nyamambara alilitazama mpaka macho yakasimama.

Mazishini Lubigisa alisimama na kofia mkononi. "Ni mapenzi ya Mungu, na ni hilo gugu maji. Sisi kamati hatukujua kama mpira una hatari."

Tungaraza aliyasikia hayo akiwa bado na udongo wa kaburi mikononi.

"Ulijua," akasema. "Ulipopanda na wanao uliniambia niukunje. Nami nilijua, kwa sababu niliukunja. Tulijua sote wawili, dada yangu tu ndiye hakujua. Mficha moshi ajua kiunguacho."

Waombolezaji wakatazama chini. Mwezi uliofuata walimchagua Lubigisa tena.

Mmeisikia. Sasa teremkeni gatini. Boti mpya mnayojivunia, inayowavusha wajawazito wenu, nayo imevishwa mpira, na ncha iko majini. Mliiona jana mkapanda. Nendeni na kisu, ukateni leo, kabla haijang'oa nanga. Mtu akija mbio kuwazuia, msibishane naye. Muulizeni tu wanawe huvuka vipi. Mficha moshi ajua kiunguacho. Inukeni!