Mama Pimbi Mbele ya Bunge

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua na kugombana na majirani kama sisi, nchi yao ilikuwa na sheria moja ya kutisha: anayeiba mahindi ya akiba hutupwa kwa Mamba.

Acheni kusukumana, wanangu, sikilizeni.

Asubuhi moja mahindi yalikutwa yamepungua ghalani. Askari wakamkamata Baba Pimbi, mnyama mdogo kama sungura, kwa kuwa tu ndiye aliyeonekana akipita karibu. Wakamfunga kamba, wakamsimamisha ukingoni mwa bwawa. Bunge likakaa hapo hapo.

Majini, mkia wa Mamba: chubwi! Chubwi!

"Mume wangu hakuiba," alisema Mama Pimbi, mtoto mgongoni.

"Kama hakuiba tutajua baadaye," akajibu Fisi.

"Hiyo baadaye mtamtoa tumboni mwa Mamba?"

"Kelele, we mama!" Nyati akapiga kwato, pu! "Mheshimiwa Spika, atupwe!"

Simba, ndiye Spika, akainua mkono. Askari wakamsukuma Baba Pimbi mbele kidogo. Kokoto zikaporomoka majini.

Mama Pimbi akaona kulia hakutasaidia.

"Haya, mtupeni. Ila asiende peke yake. Alfajiri nilikuwa namnyonyesha huyu, nikaona waheshimiwa wakitoka ghalani na punje za mahindi midomoni. Mume wangu akishaingia majini, nawataja mmoja mmoja."

Fisi akajifuta mdomo. Nyati akajilamba pua. Hata Spika akapangusa ndevu, akakohoa: kho! Kho!

"Mheshimiwa Spika," alisema Fisi, "sheria hii ni kali mno. Natoa hoja ifutwe. Asiuawe mnyama yeyote. Mwizi alime shamba la akiba, basi."

"Naunga mkono!" akadakia Nyati.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

Ni Mamba tu aliyesema siyo, naye hakuwa mbunge.

"Walioafiki wameshinda."

"Weka na alama ya ukucha," alisema Mama Pimbi, bila kutabasamu.

Simba akakandamiza ukucha kwenye bamba la udongo la sheria. Baba Pimbi akafunguliwa.

"Sasa tuambie," Simba akanong'ona, "ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu, Mheshimiwa. Nilikuwa nimelala fofofo. Nimewaona sasa hivi, mnavyojifuta midomo."

Mwaka ule shamba la akiba lililimwa na waheshimiwa wenyewe.

Basi wanangu, shikeni hili: hukumu iliyokosewa hurekebishika tu kama aliyehukumiwa bado yu hai.