Nyegere Auza Pango Lake

Wanangu, hodi!
Karibu!
Nimekuja na neno.
Liseme!
Ni refu kidogo.
Tumeshakaa!

Basi kaeni vizuri. Na wewe pale mwenye karanga, tafuna polepole, nami nijisikie ninachosema.

Hapo kale, kwenye Mlima Chongo, aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Mnamjua pimbi: mdogo, mnene, hana mkia, maisha yake ni mawe. Huyu hakuwa na pango. Alilala na wanawe chini ya jiwe lililoinama, na masika ya mwaka uliopita mdogo wao alikohoa mpaka mvua zikakatika. Sasa masika mengine yalikuwa yamekaribia. Aliposikia pango la juu linauzwa, moyo ukamwenda mbio.

Mwenye pango alikuwa Nyegere, wa ng'ambo ya mto. Mlimani alikuja mara moja kwa mwaka, akala asali, akanuna, akaondoka. Ana makucha, ana meno, ana hasira za karibu. Hata Chui akimwona hukumbuka kwamba ana shughuli nyumbani.

"Nataka vibuyu kumi vya asali," alisema Nyegere. "Vyote kumi mkononi, nivuke mto nisionekane tena."

Sasa mlimani kulikuwa na sheria. Zamani Ngiri, naye mgeni, aliuza shimo lake akavuka mto bila kutoa haki ya mlima. Mjumbe Nungunungu alisimama ukingoni akamwita mpaka sauti ikakauka, kwaa, kwaa, na Ngiri hata hakugeuka. Tangu siku hiyo wakakubaliana: mgeni akiuza, mnunuzi azuie sehemu mbili katika kumi, azipeleke kwa Mjumbe zikatengeneze kisima. Mgeni akiona amekatwa kupita kiasi, arudi aeleze, atarudishiwa. Na mnunuzi asipozuia, atalipa yeye. Akishindwa, pango linachukuliwa.

Bi Pimbi alikuwa na vibuyu kumi tu. Alivipata kwa kuumwa na nyuki, vuuu, kuanzia puani mpaka pale ambapo mkia ungekuwa.

"Shikamoo, Bwana Nyegere. Vinane vyako, viwili vya Mjumbe. Si wewe ni mgeni?"

"Nani mgeni? Mimi mwenyeji. Vyote kumi."

"Lakini bwana, kwenu si ng'ambo?"

"Kwetu ni hapa hapa. Vyote kumi, au nakung'ata."

Akagonganisha meno, kwachu, kwachu. Bi Pimbi aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Akasema, "Haya, bwana. Njoo kesho asubuhi tupeane mbele ya watu. Nitawaambia wewe ni mwenyeji."

Jioni akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Digidigi: "Kesho njoo na jembe." Kwa Kindi: "Kesho njoo na jembe." Kwa Mjumbe: "Kesho njoo na jembe, na daftari."

"Kuna msaragambo?" aliuliza Mjumbe, maana kazi ya kijiji huitangaza yeye.

"Hakuna, shemeji yangu. Wewe njoo tu."

Asubuhi Nyegere akafika, akakuta vibuyu vimepangwa. Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe. "Majirani, huyu bwana ni mwenyeji mwenzetu. Amesema mwenyewe."

Kindi alielewa papo hapo. Akamrukia Nyegere shingoni. "Kumbe ni ndugu yetu, na tulikuwa tunamwogopa bure. Leo tunachimba mtaro wa kisima." Digidigi akamtia jembe mkononi.

Mjumbe naye akajikung'uta miiba, chaka chaka chaka, akafungua daftari. "Mwenyeji huchimba siku moja kila wiki. Wewe una pango hapa miaka kumi na mmoja, na hujachimba hata siku moja. Tuanze na leo, ndugu yetu, jua bado dogo."

Nyegere akalitazama jembe. Akautazama mlima. Jasho likamtoka, ti, ti, ti.

"Ngojeni kwanza. Mimi… mimi ni mgeni."

"Sema kwa sauti," alisema Bi Pimbi kwa upole. "Mjumbe anaandika, na masikio yake yamezeeka."

"Mimi mgeni! Baba mgeni, babu mgeni, muulizeni yeyote!"

Mjumbe akaandika. Bi Pimbi akamsogezea Nyegere vibuyu vinane, akamkabidhi Mjumbe viwili. "Ukiona umeonewa, bwana, rudi ueleze. Tupo kila wiki, na jembe lako tutakutunzia."

Nyegere akabeba vinane vyake, akateremka mbio, puu, puu, puu, mtoni chubwi.

Bi Pimbi akataka kuwashukuru majirani warudi makwao. Mjumbe akakataa. "Majembe yameshatoka nyumbani, hayarudi hivi hivi." Wakachimba mpaka adhuhuri, Bi Pimbi akiwa mbele.

Wiki ile ile mvua ikashuka, chwaaa. Bi Pimbi alikaa ndani ya pango na wanawe watatu, wamelaliana, wakavu. Akawagusa vichwa mmoja mmoja. Yule mdogo alikuwa anakoroma, hakohoi. Mama mtu akalia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa mguu.

Nyegere hajarudi kudai vile vibuyu viwili mpaka leo. Lakini mlimani wanampenda sana, maana kisima kilijengwa kwa asali yake, na kila anayeteka maji humtaja kwa wema.

Yangu yamekwisha!
Tumeyapokea!
Atakayeongeza?
Ni juu yake!

Mnataka funzo? Lipo. Wanangu, msidanganye. Bi Pimbi aliita watu na majembe siku isiyo na kazi, akasimama juu ya jiwe akasema jambo alilojua si kweli, na mmeona wenyewe yaliyompata: nyumba kavu, watoto wazima, majirani wanaompenda. Jihadharini sana.