Gari Lililojishika na Gari Lililoshika

Sogeeni, mliokaa na mliosimama. Aliye karibu na mlango aurudishie, ila kwanza ahakikishe unafunguka kwa ndani. Mkishasikia yaliyomkuta Kupaza Shemboko mtajua kwa nini.

Kupaza alikuwa tajiri wa mboga kule Lushoto, mzito wa mwili na mwepesi wa majivuno. Alikuwa na magari mawili ya umeme, yote ya kifahari. La kwanza alikuwa nalo miaka mingi. Ngozi ya viti vyake ilikuwa imekunjamana kama shingo ya kobe na betri yake ilikuwa imechoka, lakini lilikuwa na vitasa vya kuvuta kwa mkono na vitufe ambavyo ukibonyeza unasikia vimeitika. La pili lilikuwa mrithi wa lile, limeshuka melini juzi juzi. Hili lilificha vitasa vyake ndani ya bati, likavitoa lenyewe lilipomwona mwenyewe anakuja. Kiti chake kilimkanda mgongo. Kwa chaji moja lilikwenda mara mbili ya la zamani, jambo ambalo Kupaza alilitaja hata misibani.

Na kwenye kisa hiki kuna watu watatu wenye vipaji.

Hoza, dereva wake, alikuwa na kipaji cha mguu. Alilijua gari la zamani kama mtu anavyoijua ndoa yake: wapi linanung'unika, na wapi ukilibembeleza linakubali.

Sauda, fundi kijana aliyetoka Dar es Salaam kumfundisha Kupaza gari jipya, alikuwa na kipaji cha kumbukumbu. Alichokisoma mara moja hakikumtoka tena.

Mrindoko, jirani, alikuwa na kipaji cha ulimi. Yeye Mpare, Kupaza Msambaa, na hao ni watani. Mtani atakutukana mbele za watu, atabeba kuku wako, atakucheka siku ya matanga, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Basi asubuhi moja ya mvua Kupaza alikuwa akiteremka kwenda Mombo na mjukuu wake, Mboza, mtoto wa miaka sita. Alikaa mwenyewe kwenye usukani wa gari jipya, Mboza kiti cha nyuma. Gari la zamani likawafuata, likipelekwa kwa mnunuzi. Hoza aliliendesha kimya, kama mtu anayesindikiza jeneza. Mrindoko alikuwa pembeni yake, na Sauda nyuma. Sauda alihamishiwa humo kwa kosa la kusema, "Mzee, kabla hatujaondoka nikuonyeshe mlango ukigoma unafanyaje."

"Binti, nimefungua milango kabla hujazaliwa," Kupaza alimjibu.

Mbele ya Soni walikuta udongo umeporomoka, barabara imezibwa. Dereva mwenye akili angerudi nyuma. Kupaza alisogea pembeni, upande wa bonde, ili magari mengine yakifika yalione gari lake vizuri. Akawasha kiti kimkande. Akafumba macho.

Ukingo wa barabara ukakatika.

Gari liliteleza kama sahani yenye sabuni. La zamani lingekwenda moja kwa moja hadi mtoni, hilo hata Hoza alikubali baadaye. Lakini jipya lilikuwa na akili yake: kila gurudumu lilijibana peke yake, likatafuta jiwe, likashika. Likasimama pua chini, tairi moja la mbele likielea hewani. Kupaza alifumbua macho akaona paa la nyumba ya watu kwa juu, kama kunguru anavyoliona.

Kisha mwamba ukagonga chini ya gari, na kila kitu kikazimika. Skrini ikawa nyeusi. Kiti kikaacha kumkanda katikati ya bega.

Alibonyeza pa kufungulia mlango. Kimya. Akajaribu kioo. Kimya. Akageuka kumwangalia Mboza, na gari zima likaguna, likainama kidogo zaidi.

"Babu, nataka kushuka."

"Tunashuka sasa hivi, mama," alisema Kupaza, na hakujua kwa njia gani. Vioo vilianza kuingia ukungu wa pumzi zao. Vilikuwa vinene, vya tabaka mbili, ili kelele za dunia zisimsumbue. Hoza alikuja mbio na spana ya magurudumu, akaiinua, kisha akaishusha. Pigo moja lingelitikisa gari.

Hapo ndipo Kupaza alipopiga kelele, mdomo ukigusa kioo: "Atakayetutoa humu, haki ya Mungu, achague gari moja kati ya haya mawili!"

"Mmesikia!" alisema Mrindoko.

Mikono ya Kupaza ilitaka kufungua mkanda, mwili ulitaka kujirusha nyuma kwa mtoto. Mrindoko alimwona. Akachuchumaa kwenye matope mpaka nyuso zao zikalingana.

"Msambaa! Ukitingishika tu, mtaa mzima utajua ulilia."

"Nyamaza, Mpare wewe! Hata huruma unaibana!"

"Naitunza ya mazishi yako. Nimeshachagua kuku nitakaowabeba. Yule jogoo mwekundu wa kwanza."

"Jogoo wangu humgusi!"

"Basi kaa kimya umlinde. Tumbo hilo ndilo nanga ya gari. Leo tu limepata kazi, mwache mwenzio afanye kazi."

Kupaza alikasirika mpaka akasahau kuogopa. Alikaa kama gogo, akimtukania mtani wake ukoo mzima, na gari halikuguna tena.

Wakati huo Hoza alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya gari jipya, akifunga kamba ya kuvutia kwenye chuma chake. Upande mwingine akaufunga kwenye la zamani, akaingia, akatia rivasi. Betri ilibaki na chaji kidogo sana. Alikanyaga pole pole, kamba ikakaza, ikalia, na gari la zamani likazama matairi kwenye tope na kukataa kusogea mbele. Sasa mtu angeweza kujongea mle ndani.

Sauda aliweka kiganja kwenye kioo cha mlango wa Mboza, akapaza sauti. "Mboza, mdogo wangu, niangalie mimi. Unaona pale mlangoni palipo na vitobo vya spika ya redio? Bandua. Vuta kwa kucha. Ndani kuna waya. Umeushika? Si huo mwembamba, huo unaofanana na kamba ya kiatu. Uvute kwa nguvu zako zote."

Mlango ukafunguka. Hewa baridi ikaingia, na Mboza akatoka mikononi mwa Sauda. Kupaza akafuata kwa kutambaa kati ya viti, akikwama kiunoni, akivutwa, akitukanwa. Alipokanyaga barabara, gari la zamani lilitoa mlio kama wa mtu anayeshusha mzigo, likazimika. Hoza aliruka akasukumia mawe chini ya matairi, na yote mawili yakabaki hapo, moja likiwa limelishika jingine.

Baadaye, lori likiwa limeyavuta magari yote hadi Soni na mafundi wakiyatengeneza na kuyachaji, walikaa kwenye hoteli ya chai na nguo zao mbichi. Mrindoko akakumbusha kiapo.

"Niliapa mbele ya mtani," alisema Kupaza. "Ulikuwa utani."

"Utani ni wa matanga. Wewe uliapa mbele ya bonde."

Kupaza akainama. "Haya. Nani?"

"Bosi, ningelegeza mguu kidogo tu," alisema Hoza, "tusingekuwa tunakunywa chai."

"Na bila ule waya, kamba ingeshika sanduku lililofungwa," alisema Sauda.

"Na kabla ya kamba na waya," alisema Mrindoko, "huyu angejirusha nyuma wakaenda wote."

"Lakini jipya lenyewe lilijishika!" Kupaza alilitetea.

"Lilijishika, ndiyo," alisema Mrindoko. "Ila la zamani lingekufungulia mlango ungali njiani kwenda mtoni."

"Basi kila mmoja aseme anataka lipi."

"La zamani," alisema Hoza, machozi yakimlenga.

"La zamani," alisema Mrindoko.

"La zamani," alisema Sauda. Wote wakamgeukia. Akapuliza chai yake. "Jipya nalijua."

Kupaza akaupokea ufunguo wa la zamani kwa Hoza, akauweka mezani karibu na kikombe chake mwenyewe. Maana na yeye, tangu atoke mle, moyoni alikuwa ameshajichagulia la zamani.

Mboza akamvuta shati. "Babu, waya si nilivuta mimi?"

Ufunguo uko juu ya meza, ni mmoja. Aliyeshika, aliyeelekeza, aliyetuliza na aliyevuta wote wanautazama, na mwenye mali anautazama kuliko wote. Nanyi mlioketi hapa, mngemkabidhi nani? Amueni upesi, kwa sababu mvua imeanza tena, na mtakaowanyima ndio watakaopanda lile jingine.