Nafasi Zina Wenyewe

Kama una ndugu aliyeitwa kwenye usaili wa serikali, mtumie hii aisome kabla hajaanza kunyoosha shati.

Siwema alisomea mifugo chuoni, kisha akakaa miaka mingi nyumbani akichanja kuku wa majirani. Halmashauri ilipotangaza nafasi za maafisa mifugo wasaidizi, na jina lake likatoka miongoni mwa walioitwa kwenye usaili, alikaa chini akalia kidogo. Kisha akafungua madaftari yake ya chuo.

Hakusoma peke yake. Alisoma na Hilda, rafiki yake tangu chuoni, na kijana mmoja wa mtaa wa pili aitwaye Gervas, ambao nao walikuwa wameitwa. Kila jioni walikutana barazani kwa Hilda. Gervas alijifanya mwenyekiti wa jopo, anakunja uso na kuuliza.

"Ng'ombe wa mfugaji anakohoa na hali majani. Utaanza na nini?"

Hilda ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote, huku akimnyonyesha mwanawe. Hata Siwema alikuwa akisema, "Shoga, wewe kazi unayo tayari."

Usaili ulipokaribia, Gervas akatuma ujumbe kwenye kundi la wasapu walimokuwa wasailiwa wote:

"Ndugu zangu, nimeongea na mtu wa ndani. Nafasi zote zina wenyewe. Wanatuita kutimiza utaratibu tu. Mimi siendi. Okoeni nauli zenu."

Watu wakamshukuru. Wengine waliitukana serikali.

Hilda hakubisha. "Nilijua tu," alisema. "Sisi tuna nani huko?"

Siwema alikasirika. Miaka yote ile, karo yote aliyolipa mama yake, halafu wamwite ili ajaze benchi.

"Mimi nakwenda," alisema.

"Kufanya nini?"

"Siendi kuomba kazi. Nakwenda kuwaambia usoni kwamba sisi si mapambo."

Alipanda basi la alfajiri na hasira zake. Njia nzima hakukumbuka ugonjwa wala chanjo. Alipanga maneno.

Ukumbini alikuta watu wachache mno. Karani alisimama mlangoni akiita majina. Anaita, kimya. Anaita lingine, kimya. Lilipofika la Siwema, aliingia na kusimama mbele ya jopo bila kukaa.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo. "Karibu. Jitambulishe."

"Kabla ya hapo, mama, naomba kuuliza. Kama nafasi hizi zina wenyewe, mnatusumbua kwa nini?"

Mzee aliyekaa pembeni alikasirika. "Binti, unajua unaongea na nani?"

"Mwache," yule mama alisema. "Nani amekwambia zina wenyewe?"

"Kila mtu anajua. Wenzangu wamebaki nyumbani kwa sababu hiyo."

Yule mama aliwatazama wenzake, kisha akavua miwani. "Kumbe. Tangu asubuhi tunaita watu hawaji. Tulidhani tangazo halikuwafikia. Binti yangu, hapa hakuna aliyepewa nafasi. Tunatafuta watu na hatuwapati."

Siwema alivuta kiti, akakaa. Akajibu maswali waliyomuuliza.

Alipotoka nje, alimkuta Gervas kwenye benchi, amevaa tai, anasubiri zamu yake.

"Wewe si ulisema huji?"

"Nilibadili mawazo asubuhi, dada."

"Na huyo mtu wako wa ndani ni nani?"

Gervas aliangalia chini. "Nafasi ni chache, Siwema. Kila mtu anajitafutia."

"Hilda alikukosea nini? Umekunywa chai yake kila jioni."

Jina la Gervas likaitwa, akasimama, akaiweka tai sawa na kuingia.

Siwema alimpigia Hilda papo hapo. "Njoo. Mfunge mtoto mgongoni uje hivyo hivyo. Ilikuwa uongo." Akatuma ujumbe na kundini. Wawili waliokuwa karibu walikuja mbio wakapokelewa. Lakini kwa Hilda ni mbali, na basi liliharibika njiani. Alifika kandambili miguuni, mtoto analia, karani anafunga mlango.

"Usaili umekwisha, dada. Wamekwisha ondoka."

Hilda alikaa ngazini. Siwema alikaa naye, akampokea mtoto.

Matokeo yalipotoka, Siwema alipata kazi. Gervas naye alipata, ndiyo, alipata. Na chini ya majina yao paliandikwa kwamba nafasi nyingine zimebaki wazi kwa kukosa watu. Zilimtosha Gervas na zingemtosha Hilda pia. Gervas alidanganya kundi zima kwa kugombea kitu ambacho kilikuwa kinabaki.

Leo wanafanya kazi ofisi moja. Gervas akimsalimia, Siwema huitikia, kisha huendelea na kazi yake. Hajawahi kunywa naye chai.

Funzo: Usikubali kuambiwa na mtu kwamba umeshindwa kabla hujaenda mwenyewe ukajaribu. Na wewe unayewavunja moyo wenzako ili ubaki peke yako, ujue unachofanya ni wizi, hata kama hakuna polisi atakayekukamata.