Mnyama wa Holo Aliyecheka

Hapo zamani, enzi ambazo ngoma ya mavuno ndiyo iliyoamua kijiji kipi kitambe mwaka mzima, alikuwapo msusi wa mikeka aitwaye Holo. Nyuma ya nyumba yake Holo alicheza ukadhani hana mifupa. Mbele za watu miguu ilimganda. Na jambo hilo lilimuuma, maana alipenda kucheza kuliko kula.

Basi akaenda kwa Ngassa, fundi wa mavazi ya wachezaji.

"Fundi, nishonee vazi la mnyama. Linifunike utosini hadi nyayoni, mtu asione hata ukucha wangu."

"Mnyama gani, simba?"

"Huyu wangu hayuko porini. Ana masikio ya sungura, macho ya komba, manyoya meusi na mkia mweupe kama wa mbega. Ni mpole, lakini hafukuziki. Namwota tangu usichana wangu."

Ngassa akapiga makofi. "Miaka yote naagizwa simba. Leo nimeletewa kazi!"

Akamzungushia Holo magunia, akayapaka uji mzito. Yalipokauka akayapasua mgongoni, Holo akatoka, umbo lake likabaki limesimama kama pacha. Juu ya umbo hilo Ngassa akashona. Siku akashona, siku akafumua.

Kila siku ya gulio Holo alipita kutazama. "Masikio yainuke kidogo, fundi." Yakainuka. "Macho yawe makubwa zaidi." Yakawa makubwa. "Na mdomo uufunge kabisa. Mnyama wangu hasemi."

Lakini Holo alipoondoka, Ngassa hakutii. Kwa hiari yake akatia taya lenye bawaba ya ngozi: mvaaji akicheka, nalo linafunguka.

Holo alipolijaribu vazi akanuna. "Sikuagiza hivi."

"Hukuagiza, mama. Lakini asiyeweza kucheka ni kinyago, si mnyama."

Ngoma ilikuwa kesho yake. Likabaki hivyo.

Siku ya ngoma vijiji viwili vilipiga ngoma uwanja mmoja, hiki huku, kile kule, na watazamaji wakahamia walikopendezwa; chenye watu wengi ndicho mshindi. Ndani ya vazi Holo aliona mbele tu, kwa hiyo wifi yake Minza alimwongoza kwa mkono. Wakafika katikati. Ngoma zikalia. Holo akaganda!

Watu wakangoja. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuhamia upande wa pili.

Minza akatazama nyuma, akaona beberu aliyekata kamba anaunusa ule mkia. Akamnong'oneza: "Wifi, usigeuke. Pana beberu hapa nyuma. Nadhani amekuja kuposa."

Holo akacheka. Taya likafunguka, kwaa! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Holo akacheka zaidi, mabega yakatikisika, kiuno kikafuata, miguu ikakumbuka kazi yake. Alicheza! Akamzunguka beberu, beberu naye akaruka. Vigelegele vikapaa. Walioondoka wakarudi mbio, na mwishowe wapigangoma wa upande wa pili wakaja na ngoma zao vichwani.

Mtemi wa nchi, aliyekuwa akitazama, akasimama, machozi ya kicheko mashavuni. "Mnyama huyu atafungua ngoma zetu kila mavuno, nasi tutakapokufa, wajukuu watamvika mchezaji mwingine vazi hili. Lakini hana jina. Ataitwa jina la mmoja wenu, Holo, Ngassa au Minza. Mmoja tu, aliyestahili."

Holo akasema, "Mtemi wetu, nilimbeba moyoni kabla hajawa na hata unywele. Na miguu iliyocheza ni hii."

Ngassa akasema, "Moyoni mwake nani alimwona? Mimi nilimpa mwili. Tena lililowarudisha watu ni taya, na taya nilikatazwa. Ningetii, leo tungeshindwa."

Minza akasema, "Ndoto ilikuwapo. Vazi lilikuwapo. Taya lilikuwapo. Na bado wifi yangu alisimama kama gogo! Nani alimchekesha?"

"Ungemchekesha nani, wifi, kama ndani si mimi?"

"Na kicheko kingetokea wapi bila taya?" fundi akadakia.

Wakabishana huku wakicheka, wameshikana mikono. Mtemi akaagiza kibuyu cha pombe, akasema ataamua kikiisha. Kikaisha, akaagiza kingine.

Msinitazame mimi, wenzangu. Nimewaachia mnyama asiye na jina. Mwiteni: Holo aliyemwota, Ngassa aliyevunja agizo, au Minza mwenye neno moja? Je, nani alistahili?