Bora Kindi

Hapo zamani za kale, na ninaposema kale ni kale kwelikweli, si hiyo ya kwenu ya mwaka jana, huko Uswidi, nchi ya baridi kaskazini kabisa mwa dunia, wanyama walikuwa na nyumba zao, wakinywa kahawa asubuhi na kuchagua serikali. Wewe unayecheka hapo nyuma, cheka ukimaliza uniambie nianze.

Basi. Alikuwapo Kindi. Kindi mnamjua, kadogo hivi, mkia mkubwa kuliko mwenyewe, hakatulii. Huyu ndiye aliyezidi wote. Akila anasimama, akisimama anaruka, akiruka anageuka kutazama nyuma. Alikaa na wanawe juu ya mwaloni mkubwa kuliko miti yote ya msitu ule, na ndani ya shina lake, lililokuwa na uwazi, wadogo wote wa msituni walijaza akiba ya chakula cha wakati wa theluji. Hapo palikuwa na uhai wao wote.

Siku moja Kindi akateremka, tararara! Kufika chini, lo! Shina limepigwa mstari wa rangi ya bluu. Akazunguka. Upande wa pili, mstari wa manjano.

"Mama," kitindamimba wake akaita kutoka juu, "hiyo rangi ya nini? Tunahama?"

Kindi akarudi nyuma hatua mbili. Roho ilikuwa imemruka. Msituni kule mti uliopigwa mstari ni mti wa kukatwa. Na bluu ilikuwa rangi ya chama cha Dubu, mkuu wa serikali. Manjano ilikuwa rangi ya chama cha Mbwamwitu, aliyekitaka kiti cha Dubu usiku na mchana.

Ulikuwa wakati wa uchaguzi. Kiwanjani kila chama kilikuwa na kibanda chake, kinamimina kahawa na kugawa maandazi ya iliki ili wapita njia wakipende. Kindi akafika mbio kibandani kwa Dubu, hana pumzi.

"Mzee Dubu, shikamoo! Mwaloni wangu una rangi yako!"

"Marahaba, Bi Kindi. Chukua andazi." Dubu akapiga mwayo, haaaa! "Ah, ule mti? Serikali inataka jumba jipya la kulala. Tutaukata kabla theluji haijaanguka."

"Na wanangu? Na akiba ya watu?"

"Miti mbona iko mingi. Kula andazi, mama, litapoa."

Kindi akaliacha andazi, akakimbilia kibanda cha pili. Mbwamwitu alimpokea kwa tabasamu la meno matupu.

"Mimi sikati kwa ajili ya kulala, Bi Kindi. Mimi nitajenga ukuta kuuzunguka msitu mzima. Kwa usalama wenu nyinyi wadogo."

"Usalama na nani?"

Mbwamwitu akajilamba midomo. "Na... wengine wengine."

Sasa niambieni, nyinyi mngemchagua nani hapo? Huyu akishinda mti unaanguka, yule akishinda mti unaanguka. Kindi alirudi nyumbani akizunguka shina, juu chini, juu chini, mpaka jirani yake Kalunguyeye, yule wa miiba mifupi, akatoa kichwa kwenye majani.

"Bi Kindi, unanitia kizunguzungu. Una nini?"

"Tunaanzisha chama."

"Sisi? Na nani?"

"Na panya, na ndege, na kila asiyefika magotini pa Dubu. Inuka!"

Wakaanzisha. Kibanda hawakuwa nacho, kahawa hawakuwa nayo. Kindi alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, na matokeo yakamshangaza kila mtu. Dubu hakupata nusu. Mbwamwitu hakupata nusu. Na katikati yao barazani, ambako viti ni magogo, juu ya kijigogo kimoja kifupi, wamebanana Kindi na wenzake.

Hapa tegeni masikio, maana hadithi yote iko hapa. Baraza la msitu ule lilikuwa na desturi yake. Spika wao alikuwa Bundi, na akitaja jina la mkuu mpya hakuuliza "Nani anamtaka?" Hata kidogo. Aliuliza, "Nani anamkataa?" Wanaokataa wakizidi nusu ya viti vyote vya baraza, jina limeanguka. Wasipozidi, huyo ndiye mkuu, hata kama hakuna aliyempenda. Na majina yakianguka mara nne, uchaguzi unarudiwa.

Bundi akasafisha koo. "Namtaja Dubu. Nani anamkataa?"

Miguu ya manjano juu! Na miguu midogo ya kina Kindi juu! Imezidi nusu. Puu, Dubu chini.

"Namtaja Mbwamwitu. Nani anamkataa?"

Miguu ya bluu juu! Na ile midogo tena juu! Puu, Mbwamwitu chini.

"Vitu vidogo hivi vinatuchezea!" akanguruma Dubu.

"Yamebaki majina mawili," akasema Bundi. "Tukutane kesho. Na mtulie, maana mnanipigia kelele masikioni."

Kindi kutulia wapi! Upepo ulikuwa umeanza kuuma, mawingu yameshuka, na chini ya mwaloni mtu alikwisha kuegemeza shoka. Shoka la nani, hakujua. Alijua tu kwamba hawezi kuwakataa hao wakubwa maisha yake yote. Uchaguzi ukirudiwa na wadogo wakichoka, siku ileile mti uko chini.

"Mimi usinitegemee sana, dada," akasema Kalunguyeye, macho yanafumba. "Theluji ikianguka tu, mimi nalala. Ndivyo tulivyo, sisi na kina Dubu. Hata baraza likiita sitasikia."

Kindi akasimama. Akasimama kweli, mkia wima, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hebu rudia."

"Nimesema nitalala."

"Na aliyelala anaweza kukataa?"

"Atakataaje na yeye amelala?"

"Lala, dada yangu! Lala usingizi wote unaoutaka!" Akambusu puani, akachomwa na miiba, ai! Akaondoka mbio.

Nyumbani kwa Dubu mkewe alikuwa anatandika kitanda cha majira ya baridi, blanketi juu ya blanketi. Dubu mwenyewe kakaa kizingitini, kichwa kinaanguka, kinainuka.

"Mzee Dubu, nimekuja kukuokoa."

"Wewe? Wewe uliyenikataa mbele za watu?"

"Hebu fikiri. Majina mawili yaliyobaki yakianguka, uchaguzi unarudiwa. Lini? Theluji ikiwa imefika kiunoni. Wafuasi wako wako wapi wakati huo?"

Dubu akafumbua jicho moja. "Wamelala."

"Na wa Mbwamwitu?"

Likafumbuka la pili. "Ala! Wako macho!"

"Basi kesho jina langu likitajwa, nyamaza. Usikatae. Nitakushikia kiti wewe ulale kwa raha zako. Ukiamka, si unanisukuma tu? Mimi ni nani mbele yako?"

"Lakini mume wangu," akasema Mama Dubu akiwa na mto mkononi, "huyu si ndiye..."

"Kitanda kiko tayari?" akauliza Dubu. Alikwisha kukubali.

Kutoka hapo, mbio kwa Mbwamwitu. Huko Kindi hakuingia ndani, si mjinga. Alizungumza akiwa juu ya paa.

"Bwana Mbwamwitu! Kesho nitatajwa mimi. Usinikatae."

"Ha! Nitakukataa kwa miguu yote minne. Uchaguzi ukirudiwa, Dubu amelala, kiti changu!"

"Sawa, nikatae. Nikianguka mimi, jina la nne ni Dubu. Na mimi nimechoka, bwana. Dubu sitamkataa tena. Ataingia kesho hiyohiyo."

Mbwamwitu akaacha kucheka. Akatembea huku, akatembea kule.

"Na nikinyamaza?"

"Dubu analala. Wewe uko macho, na meno yako yote kinywani. Kiti kimekaliwa na kindi. Nikusaidie kufikiri zaidi?"

"Hapana," akasema Mbwamwitu taratibu, mate yakimtoka. "Hapo nimeelewa vizuri sana."

Kesho yake Bundi akasafisha koo. "Nani ana jina?"

"Mimi," akasema Kindi. "Nitaje mimi."

Baraza zima likaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Hata Bundi manyoya yalimtikisika. Lakini sheria ni sheria.

"Namtaja Kindi. Nani anamkataa?"

Kimya. Dubu anamtazama Kindi, anajisemea, wangu huyu. Mbwamwitu anamtazama Kindi, anajisemea, wangu huyu. Wafuasi wanawatazama wakubwa wao, wakubwa hawainui mguu, nao hawainui. Moyo wa Kindi ulikuwa unapiga du-du-du mpaka aliogopa utasikika kwenye gogo la nyuma.

"Nani anamkataa?" Bundi akarudia, macho yamemtoka. "Hakuna? Salaale! Basi Kindi ndiye mkuu wa serikali."

Kindi akaruka juu ya kiti. "Amri ya kwanza! Mwaloni haukatwi, shoka liondolewe leo!"

Wakubwa wakakonyezana. Amri ya siku mbili tatu, waliwaza, iache imfurahishe.

Theluji ikaanguka. Dubu akalala na ukoo wake wote, na Kalunguyeye naye akajiviringisha majanini. Wiki ileile Mbwamwitu akaita baraza, kajipaka mafuta, kavaa koti jipya.

"Bwana Spika, leo tunamtoa huyu. Uliza swali lako lilelile."

"Haya," akasema Bundi. "Nani anamkataa Kindi?"

Miguu ya manjano ikapanda yote, mingine miwili miwili. Magogo ya Dubu yalikuwa matupu, yamejaa theluji. Bundi akahesabu, akashusha miwani.

"Haizidi nusu. Kindi anaendelea."

"Ebo! Haizidi vipi? Waliopo karibu wote tumekataa!"

"Sheria haisemi waliopo. Inasema viti vyote, vyenye watu na visivyo na watu. Kina Dubu hawajakataa."

"Wamelala!"

"Ndiyo. Wamelala bila kukataa."

Mbwamwitu alitoka mbio hadi kwa Dubu, akagonga mlango ngo-ngo-ngo, akaingia, akamvuta sikio. "Amka! Amka umkatae Kindi!"

"Kroooo," akajibu Dubu.

"Tumechezewa wote wawili, mjinga wewe!"

"Kroooo-fyuuu." Na Mama Dubu, nusu usingizini, akafumbua jicho moja, akageuka na kumpiga teke lililomtupa nje kwenye theluji, koti jipya na mafuta yake.

Kumla Kindi asingethubutu, maana aliyekalia kiti haguswi, na hiyo ndiyo sheria pekee ambayo wanyama wote waliiogopa. Lakini msidhani Kindi aliishi kwa raha. Kila tawi likivunjika, anashtuka. Kila asubuhi anashuka kupapasa shina, anapanda, anashuka tena. Wadogo walikula akiba yao, wakanenepa, yeye akakonda.

"Mama," kitindamimba aliuliza kila siku, "tunahama?"

"Subiri," alijibu Kindi. "Subiri Dubu aamke."

Theluji ikayeyuka. Dubu akaamka na njaa, amekonda, nywele zimemsimama, akaja barazani moja kwa moja. "Bi Kindi, ahsante kwa kunishikia. Shuka."

"Shuka!" akadakia Mbwamwitu. Mara hii magogo yote yalikuwa yamejaa. Bluu na manjano wakikataa pamoja, Kindi hana chake. Wadogo wakashikana mikono. Kalunguyeye alikuwa anatetemeka mpaka miiba inagongana.

Kindi akanyanyuka kitini.

"Nitashuka, wazee wangu, mbona nitashuka. Swali moja tu, ili nijue nimfutie nani vumbi kitini. Anayekaa baada yangu ni nani?"

"Mimi," akasema Dubu.

"Mimi," akasema Mbwamwitu.

Wakageukiana.

"Wewe?" akanguruma Dubu. "Uliyenivuta sikio nimelala? Mke wangu kaniambia!"

"Na wewe, gunia la usingizi! Nchi inaongozwa kwa kukoroma?"

"Kuliko ukae wewe na meno yako hayo, bora Kindi!"

"Kuliko ukae wewe, bora Kindi mara mia!"

"Bora Kindi!" wakapiga kelele wa bluu, wakiwanyooshea wa manjano vidole.

"Bora Kindi!" wakajibu wa manjano, wakitema chini.

Bundi akagonga gogo, ko! ko! ko! "Nani anamkataa Kindi?"

Dubu akamtazama Mbwamwitu mguu. Mbwamwitu akamtazama Dubu mguu. Kila mmoja alijua akiinua wake, mwenzake atainua wake, kiti kitabaki wazi, na pengine atakikalia huyohuyo. Jua likapanda, likawachoma. Hakuna aliyeinua.

"Haya," akasema Bundi, akafunga kitabu. "Wamesema wenyewe."

Kindi akarudi nyumbani. Safari hii alitembea. Kwenye shina mvua ilikuwa imeosha rangi, bluu na manjano zimechanganyikana zikatiririka hadi mizizini, na juu kabisa mwaloni umetoa majani mapya.

"Mama," kitindamimba akaita, "tunahama?"

"Hatuhami," akasema Kindi. Akakaa chini, mkia kauzungushia miguu, akapitiwa na usingizi palepale.

Nanyi mnaopenda kununa pembeni mkiulizwa jambo, shikeni hili: baraza likiuliza, jibu, maana ukinyamaza watakuhesabu kuwa umekubali.